Bunduki ya Husseni

Mtu akifia porini, watu hawakosi la kusema. Husseni wa Fukayosi alizikwa Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, paja limepasuliwa na chonge la nguruwe mwitu mpaka damu ikamwishia shambani kwake. Ilipofika Jumatatu, matanga yanaanuliwa, kijiji kizima kilikwisha kumjua muuaji. Si nguruwe, nguruwe ana kosa gani? Muuaji, walisema, ni mkewe Dija, mtoto wa watu wa Ubena, aliyeifunga bunduki ya mumewe isilie siku ya haja.

Habari zikafika Bagamoyo, na karani wa liwali akamwita Mwinyimvua. Mwinyimvua alikuwa fundi wa bunduki za misafara kwa miaka ishirini, mpaka bunduki moja mbovu ilipompasukia mkononi na kumwachia vidole vitatu upande wa kushoto. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kutumwa kwenye mambo yaliyofungamana, akayafungue.

"Wazee wa Fukayosi wameamua kumlambisha shoka la moto," karani alimwambia. "Jumatano, alasiri. Akiungua ulimi, ndiye mchawi."

"Na nani asiyeungua?"

"Ndiyo maana unatumwa. Nenda kajue kweli kabla ya alasiri hiyo."

Kabla ya kutoka mjini alipita kwa fundi Muhidini, aliyekuwa akiitengeneza bunduki ya Husseni. Muhidini alikuwa amekasirika kama mtu aliyetukaniwa mama. "Mara tatu mwaka huu kaniletea! Mara tatu naisafisha kwa maji ya moto, naifyatua hapahapa uani, inalia vizuri. Akikaa nayo nyumbani wiki tatu, nne, anarudi: fundi, imekataa tena. Sasa ubovu uko kwangu au uko kwao?"

Mwinyimvua alilitia neno lile mfukoni. Kitu kinachopona kwa fundi na kuugua nyumbani, ugonjwa wake utafutwe nyumbani.

Alifika Fukayosi Jumanne jua likiwa limepanda. Salumu, mdogo wake marehemu, alimpokea kwa heshima, macho mekundu kwa kulia, sauti imekauka. Alipoulizwa bunduki iko wapi, alionyesha kwa kidevu tu. Ilikuwa imeegemezwa pembeni ya ukumbi, gumegume kuukuu la baba yao, tako limefungwa kwa waya wa shaba mahali lilipopasuka zamani.

"Tangu Ijumaa nani kaigusa?"

"Nani aiguse, mzee? Tuliiokota shambani tukaiweka hapo. Imelaaniwa hiyo."

Mwinyimvua akachomoa mdeki, ule ufito wa kushindilia, akautumbukiza ndani ya mtutu polepole, akashika kwa kidole mahali ulipoishia, akautoa na kuupima kwa nje. Ulikuwa umekwama shubiri nzima kabla ya kufika mwisho.

"Basi bado imeshindiliwa," alisema. "Baruti, tambara na risasi, vyote vimo kama alivyovitia mwenyewe."

Salumu akaruka nyuma hatua mbili. Mwinyimvua angecheka, lakini haikuwa nyumba ya kucheka.

"Unamtuhumu shemeji yako kwa lipi?"

"Mwezi uliopita alikwenda kwao Ubena. Karudi na mizizi, kaificha chini ya kitanda. Mama kaiona kwa macho yake. Na kaka yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kukosa nguruwe hatua kumi. Ramadhan alikuwapo. Muulize Ramadhan alichokiona."

Ramadhan alikuwa jirani wa shamba. Asubuhi ile ya msiba alikuwa juu ya dungu lake akilinda mtama, hatua hamsini tu kutoka kwa Husseni. Mwinyimvua alimtaka wapande wote juu ya dungu lilelile, wakakaa bega kwa bega wakitazama majani yaliyolala mahali alipoangukia marehemu.

"Nieleze ulichokisikia, usinieleze unachokidhani."

"Umande ulikuwa mwingi," alisema Ramadhan. "Kulikuwa kunapambazuka. Nikamwona Husseni kapiga goti, kalenga. Nguruwe dume, mkubwa, yu mbele yake. Nikaona moto umewaka pale sikioni kwa bunduki, fyaaa! Nikasubiri mlio. Mlio haukuja."

"Moto uliuona?"

"Niliuona kama ninavyokuona wewe. Bunduki ilifumbua jicho, mdomo haukufunguka. Sasa hiyo si kufungwa, mzee? Mara ya pili hakuiwahi. Nilishuka mbio, Wallahi nilishuka mbio, nikamkuta kashika paja kwa mikono miwili. Akaniambia, mwambie mama. Hakumaliza alichotaka niseme."

Ramadhan akageuza uso. Mwinyimvua alimwacha alie, akiendelea kutazama mtama. Alipotulia alimuuliza neno moja: siku nyingine bunduki ilipokataa, ilikataa namna gani? Vilevile, Ramadhan akajibu. Moto nje, ndani kimya.

Alirudi nyumbani kwa marehemu akaomba kigae na kaa la moto. Watu wa Fukayosi, wanaopenda kutazama kazi ya mwenzao kuliko kufanya yao, wakajaa uani. Akamimina baruti kidogo kutoka kwenye pembe ya marehemu, akaigusa kwa kaa. Ikawaka papo hapo, moshi mweupe, kigae kikabaki kisafi. Kwa hiyo muuzaji wa baruti hakuchanganya mchanga. Watu wawili waliokuwa wamekwisha kumlaani muuzaji huyo wakakohoa.

Akaja kwenye jiwe la kutolea cheche. Alifuta kisahani cha pembeni ya mtutu, kile kinachotiwa baruti kidogo ya kuwashia, akaweka sufi kavu badala ya baruti. Akauelekeza mtutu kwenye kichuguu kisichokuwa na mtu, akafyatua. Jiwe likapiga chuma, cheche zikamwagika, sufi ikashika moto.

"Cheche zipo," alisema, kama anayejisomea mwenyewe. "Baruti ni nzima. Ramadhan kauona moto. Basi moto unafika mlangoni, ila hauingii ndani."

Kati ya kisahani na tumbo la mtutu kuna tundu moja jembamba, ndilo njia ya moto. Mwinyimvua akainamia hapo. Alichukua sindano ya kushonea kofia, akachokoa ukingo wa tundu, kidogo tu, asiharibu ushahidi. Kilichotoka kilikuwa gamba dogo, nje jeusi kwa moshi, ndani manjano.

"Kiberiti!" akasema mtu. "Dawa ya kichawi hiyo!"

Naye Mwinyimvua, ukweli usemwe, alidhani ni kiberiti, yale madini ya manjano. Akaweka nusu ya gamba juu ya kaa akisubiri mwali wa buluu na ule uvundo unaokaba koo. Mwali haukuja. Gamba likavimba, likatokwa na povu, likanukia vizuri, harufu ya nyumba ya arusi. Mwinyimvua akainama kunusa tena. Kisha akafunga sindano na nusu ya gamba iliyobaki kwenye kitambaa na kuomba aonane na mjane.

Dija alikuwa edani, kwa hiyo waliongea pazia likiwa katikati, na mama mkwe wake, Bi Mwajabu, akakaa mlangoni kama ilivyo ada. Bi Mwajabu alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka. Hakulia. Tangu Ijumaa, walisema, alikuwa hajalia.

"Shikamoo, baba," ilisema sauti nyuma ya pazia.

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Mizizi ya Ubena ni ya nini?"

Bi Mwajabu akaguna.

"Ya kutafuta mtoto," Dija akasema. "Mwaka wa nne huu sina mtoto, baba. Niliificha kwa aibu. Mwenyewe Husseni alijua. Sasa nimwite nani anishuhudie?"

Mwinyimvua akaendelea na kazi yake. "Kumbuka siku ambazo bunduki ililia na siku ambazo ilikataa."

"Jumanne moja ya mwezi uliopita alipiga nguruwe, wakaja watu wa bara, wanaomla, kumchukua. Jumatano nyingine alifukuza nyani. Kukataa, ikikataa ni Ijumaa, au Jumamosi alfajiri. Yeye mwenyewe akifanya mzaha. Akisema, bunduki yangu imekuwa sheikh, Ijumaa haifanyi kazi." Sauti ikakatika. "Nikicheka, baba. Mungu anisamehe, nilikuwa nikicheka."

"Na Alhamisi jioni bunduki hulala wapi?"

"Siku zote hulala chumbani kwa mama. Ni ya marehemu baba mkwe, mama hapendi ilale pengine."

Mwinyimvua hakumtazama Bi Mwajabu. Aliaga, akaenda moja kwa moja msikitini kwa Maalim Rajabu, mwalimu wa chuo cha Kurani. Alimkuta akichonga kalamu za mwanzi kwenye baraza.

"Maalim, wino wako wa kombe unautia nini?"

"Zafarani, marashi ya mawaridi, na gundi kidogo ya mgunga, ili herufi zishike kwenye sahani nyeupe. Kisha sahani inaoshwa kwa maji safi, mgonjwa anakunywa aya za Mungu. Kwa nini?"

"Kwa Husseni uliandika?"

"Kila Alhamisi. Bi Mwajabu alikuja mwenyewe baada ya alasiri. Baba yao naye aliuawa na mnyama, huyu mama alikuwa na hofu na pori." Maalim akaweka kisu chini. "Tangu mwaka uanze akiomba sahani mbili. Nikafikiri ya pili ni ya Salumu."

"Salumu anakunywa kombe?"

"Nilimuuliza juzi kama kinga yake anaiendeleza. Akaniambia hajaonja kombe tangu alipokuwa mtoto."

Walitazamana. Maalim Rajabu alikuwa mtu mwenye akili, haikumchukua muda. Akafunika uso kwa kiganja. "Ya Latifu," alisema. "Kombe ni la kunywa, ndugu yangu. La kunywa tu."

"Usimwambie mtu mpaka kesho," akasema Mwinyimvua.

Akarudi kwa Bi Mwajabu, akamkuta nyuma ya nyumba anapepeta mtama. Ungo ulikuwa ukienda sawasawa, haukosei.

"Umeshapata ushahidi wa huyu mwanamke?" alimuuliza bila kuinua kichwa.

"Bado naulizauliza. Bi Mwajabu, sahani ya pili ya kombe, alikunywa nani?"

"Hakunywa mtu. Ilikuwa ya bunduki." Alisema hivyo kama mtu anayesema chumvi ilikuwa ya mchuzi. "Mwanangu anakwenda porini ana kinga, na silaha yake je? Iende tupu? Baba yake aliuawa bunduki ikiwa mkononi. Mimi nikasema, safari hii hawanipati. Kila Alhamisi magharibi nikaitia tone tone, pale kwenye kitundu, ndipo pumzi yake inapopita. Nikaisomea, nikaiacha inywe mpaka asubuhi." Ungo ukasimama. "Na bado yule akaishinda kinga yangu. Uchawi wa Ubena si mchezo."

Mwinyimvua aliwahi kuwaambia wanaume kwamba wataning'inizwa, na akawaambia akiwatazama usoni. Mbele ya ungo ule alishindwa. Alisema tu, "Nimesikia, Bi Mwajabu," akaondoka, na roho ikamuuma kweli.

Jumatano baada ya sala ya alasiri wazee walikaa kwenye baraza ya nyumba ya marehemu. Shoka lilikuwa motoni. Dija aliwekwa nyuma ya pazia la mlango, Bi Mwajabu akakaa kwenye mkeka kando yake, Salumu akasimama. Jumbe wa kijiji, mzee mzito wa mwili na wa maneno, akampa Mwinyimvua nafasi.

Mwinyimvua akaishika bunduki mbele ya wote. "Hii ina risasi aliyoishindilia Husseni mwenyewe. Sijaitoa." Akatia baruti kwenye kisahani, akalenga kichuguu kilekile, akafyatua. Moto ukawaka, fyaaa. Mlio haukuja. Ramadhan akashika kichwa.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Ndivyo hasa!"

"Tundu la moto limeziba," Mwinyimvua akaendelea. "Uchafu ulinata humo kidogo kidogo. Ukipigwa na jua unasinyaa, moto unapenya, bunduki inalia. Ukipata umande unavimba, moto unabaki nje, na hii tangu Ijumaa haijaanikwa juani. Fundi Muhidini akiosha kwa maji ya moto unatoka, ukirudi nyumbani unajijenga tena. Hakuna uchawi hapa. Bunduki kuukuu, uchafu wa kawaida. Toeni shoka motoni."

Alitaka yaishie hapo. Alikuwa amelipanga neno hilo la "uchafu wa kawaida" njia nzima kutoka msikitini.

Lakini Salumu hakuwa mjinga. "Uchafu gani? Mimi nami nina bunduki, kuukuu kuliko hiyo, mbona haizibi? Uchafu unaorudi kila mwezi una mwenye kuutia!"

"Kweli," akasema jumbe. "Bwana Mwinyimvua, kama umemjua aliyeutia, mtaje. Kama hukumjua, kiapo kiko palepale, maana mwenye kulala nyumba moja na bunduki ni huyu mwanamke."

Nyuma ya pazia Dija alianza kusema shahada kwa sauti ndogo. Maalim Rajabu akamtazama Mwinyimvua. Mwinyimvua akatoa kitambaa, akakifungua.

"Lete nione," akasema Bi Mwajabu.

"Bi Mwajabu, si lazima wewe—"

"Ni mwanangu aliyekufa. Lete."

Akampa. Bi Mwajabu akaishika sindano karibu na macho, akalilamba gamba kwa ncha ya ulimi, akalisugua kati ya vidole viwili. Vidole vikawa manjano. Akavinusa. Kila mtu uani alimwona anavinusa mara ya pili, kama mtu asiyeamini pua yake.

"Zafarani," alisema. "Na marashi."

"Mama, zafarani imetoka wapi?" Salumu akauliza.

"Kwangu." Aliiweka sindano juu ya mkeka kwa uangalifu. "Acheni mtoto wa watu. Ni mimi. Nilimnywesha mwanangu kombe, nikainywesha na bunduki, kila Alhamisi, tangu mwaka uanze. Ni mimi niliyeiziba. Nikaja nikamsingizia huyu, nikala na kunywa naye nikimwita mchawi moyoni. Kama shoka limeiva, nileteeni mimi."

"Hakuna shoka," akasema jumbe, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa nzito. "Limwagieni maji."

Maalim Rajabu alikuwa analia waziwazi. "Ulitaka kheri, dada yangu. Mungu anajua ulitaka kheri."

Bi Mwajabu hakumsikia. Alikuwa anamtazama Mwinyimvua. "Fundi. Ukiizibua sasa, italia?"

"Bi Mwajabu, mambo yamekwisha. Tuache."

"Nimekuuliza, italia?"

"Italia."

"Izibue niisikie."

Mwinyimvua akamtazama jumbe, jumbe akatazama chini. Basi akachukua sindano, akachokoa tundu mpaka ndani, akapuliza, akachokoa tena, na vumbi la manjano likamwangukia mkononi. Alifanya kazi ile taratibu, kama alivyofanya maelfu ya mara Bagamoyo, na haikuchukua muda hata wa kutafuna tambuu. Ndiyo iliyomuuma zaidi, wepesi wake. Akatia baruti kwenye kisahani, akasogea hatua tatu, akainua tako begani na kufyatua.

Ikalia. Kuku wakatawanyika, mtoto mmoja akapiga yowe ndani ya nyumba ya jirani, na kichuguu kikapasuka vipande. Risasi ya Husseni ilikuwa imepita pale pale alipoielekeza fundi, bila kukengeuka hata kidogo. Moshi ukakaa uani, hapakuwa na upepo wa kuuondoa.

"Kumbe ilikuwa inaweza," akasema Bi Mwajabu.

Ndipo machozi yakamtoka, ya siku zote tano kwa pamoja, bila sauti, mgongo umepinda mpaka paji la uso likagusa mkeka. Salumu alipiga hatua moja kumwendea, akasita, hakujua amshike vipi.

"Mama," ikasema sauti nyuma ya pazia. "Njoo ndani."

"Sina uso, mwanangu. Sina uso wa kukutazama."

"Njoo hivyo hivyo. Sote wawili tumefiwa na mtu mmoja."

Bi Mwajabu hakuinuka, huenda hakuweza. Pazia likafunuka. Mwanamke aliye edani hatoki mbele za wanaume, hilo hata mtoto wa Fukayosi analijua, lakini Dija alitoka na kaniki yake, akainama, akamshika mama mkwe wake chini ya makwapa na kumwinua kama anavyoinuliwa mzazi aliyejifungua jana. Jumbe, Maalim, Salumu, Ramadhan na Mwinyimvua mwenyewe, bunduki ingali na joto mkononi, wote wakainamisha macho mpaka wale wawili walipokwisha kuingia ndani.